Fundi Akujibu: Nihame Windows 10 ama Nikae Nayo?

Wiki hizi zote swali ni lile lile tu, kila mtu analileta kivyake: Windows 10 imeachwa na Microsoft, wenyewe walioitengeneza, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, sasa nihamie 11 ama nikae nilipo? Nimechagua barua tano na leo ukurasa wote ni wa hiyo maneno. Wale mlioniuliza juu ya printa na Wi-Fi, tupatane toleo lijalo.

*

Fundi, habari yako. Niko na saiba ndogo hapa Githurai 45, mashine nne, zote nilinunua tao zikiwa mtumba na zote ni Dell nyeusi, ukiziangalia zinafanana. Kuna kijana alikuja akaniambia Windows 10 imekufa, na nikiendelea nayo wateja wangu wataibiwa, ati nimlipe elfu tatu kwa kila mashine aniwekee 11. Alijaribu, mbili zikakubali, mbili zikakataa kabisa. Zilizokubali zimeandikwa OptiPlex 3060, zilizokataa ni 7040. Sasa anasema hizo mbili nitupe ninunue zingine. Hiyo pesa sina, nimetoka tu kulipa karo. Ni kweli zimekufa?
— Mama wa saiba, Githurai

Mama, pole na karo. Hazijafa, na tafadhali usitupe kitu.

Kilichoisha ni viraka vya bure. Windows ni programu kubwa sana na kila wakati watu wanagundua mashimo ndani yake, mahali mwizi anaweza kupitia, kwa hivyo kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft wanatoa viraka vya kuziba yale yamegunduliwa. Windows 10 ilikuwa inapata hivyo viraka tangu itoke mwaka 2015, na kuanzia hiyo Oktoba mtu wa kawaida ambaye hajajiandikisha popote hapati tena. Mashine itawaka, itaprinti, itafungua intaneti vile vile kama jana, na hapo ndipo watu wanadanganyika, kwa sababu hakuna kitu unaona kimeharibika. Lakini hizi Windows mbili ni ndugu, shimo likipatikana kwa 11 mara nyingi liko pia kwa 10, na 11 ikizibwa wezi wanakichukua hicho kiraka wanakichambua kujua shimo lilikuwa wapi, halafu wanaenda kulitafuta kwa mashine ambazo hazijazibwa.

Hii si stori ya kutisha watu. Mei 2017 kulikuwa na kirusi cha WannaCry kilichofunga faili za watu dunia nzima kikidai pesa, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani, na kiraka cha kuzuia hiyo kitu kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale hawakuwa wamekiweka, na wale walikuwa na Windows za zamani ambazo hazikuwa zinapewa tena.

Sasa fikiria saiba yako. Mtu anakaa hapo anafungua eCitizen, mwingine anaandika paswadi ya iTax, mwingine amekutumia picha ya kitambulisho na stetimenti ya M-Pesa umprintie, na siku nzima flashi zinaingia na kutoka ambazo hujui zimetoka wapi. Laptopu ya mtu mmoja nyumbani ikiingiliwa ameumia yeye peke yake, yako ikiingiliwa wameumia watu mia ambao walikuamini. Na tangu ile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wewe mwenye biashara unatakiwa kuzichunga hizo data za watu. Kwa hivyo huyo kijana kwa upande wa hatari hakukudanganya. Ni kwa upande wa kutupa ndio nakataana naye.

Hizo Dell zinafanana kwa macho tu. Namba 7040 ni kubwa kuliko 3060 na mtu angedhani ndiyo mpya, lakini 7040 ni ya zamani. Nenda kwa mashine yenyewe, fungua Settings, ingia System, halafu About, usome jina la prosesa, ile chipu inayoendesha mashine. Kwa 7040 utakuta kitu kama i5-6500, kwa 3060 utakuta kitu kama i5-8500. Kwa hizi mbili, hiyo tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na kwa AMD ni Ryzen kuanzia zile za 2000, ukitoa chache chache. Ya 6 haimo kwa orodha yao, hata iwe na kasi namna gani. Pia inataka chipu inaitwa TPM 2.0, ya kuweka funguo za siri, RAM isipungue GB 4 (lakini mimi nakwambia GB 8, na 4 utajuta) na nafasi ya GB 64.

Fanya hivi. Zile 3060 mbili zihamishe, na hiyo elfu tatu kaa nayo. Kuhama kutoka Windows 10 halali kwenda 11 ni bure, na faili zinabaki. Usidaunilodi mara mbili, faili yenyewe inapita GB 5, tafuta flashi ya GB 8 utengeneze kifaa cha kuwekea kwa ile programu yao ya Media Creation Tool, halafu hiyo flashi moja inafanya mashine zote mbili. Kazi ya wateja inayotaka Excel yenyewe na mambo ya ritani iende kwa hizo mbili.

Zile 7040, weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Najua jina linatisha, lakini ni bure, inapata viraka vyake kila wakati, haina habari na kizazi cha 6, na ukikaa mbele yake utaona kitufe cha menyu pale chini kushoto na upau wake, karibu sawa na Windows uliyozoea. Uzuri ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwa flashi bila kuiweka ndani, ukajaribu printa, skana, eCitizen, vyote, na usipoipenda unachomoa flashi, mashine inarudi vile ilikuwa. Jaribu printa kwanza! Hiyo ndiyo inaweza kukusumbua, zingine zote ni kuzoea. Mteja ambaye amekuja tu kufungua Chrome na kuprinti hatajua hata umebadilisha.

Kuna njia ya biashara kulipia viraka vya Windows 10, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, karibu elfu nane, halafu inazidishwa mara mbili mwaka unaofuata. Kwa mashine ya zamani hivyo, hiyo pesa heri uanze kuiweka kando ya kununua nyingine.

*

Niaje fundi. Mimi ni mwanafunzi niko Rongai, nimenunua EliteBook 840 G3 ex-UK Luthuli, niliambiwa ni Windows 11 original na kweli iko na 11, inafanya kazi poa. Lakini roommate wangu anasema hiyo laptopu haiwezi kuwa na 11. Nani anasema ukweli?
— Mwanafunzi, Rongai

Roommate wako, kaka, na wewe pia, kwa sababu 11 iko hapo na unaiona.

840 G3 ni prosesa ya kizazi cha 6, mambo yale yale ya mama wa Githurai. Kuna njia za kuruka ule ukaguzi wakati wa kuweka, mafundi wengi mjini wanazijua, na mashine inakubali na inakimbia vizuri. Shida iko mbele. Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ambayo haijatimiza masharti haina haki ya kupata apdeti. Kwa sasa zile za kila mwezi kawaida huingia, lakini ile toleo kubwa la kila mwaka haiji yenyewe, itabidi mtu aruke ukaguzi tena kwa mkono, na siku wakiamua kufunga mlango umefungwa. Ilishatokea: toleo la 24H2 lilikuja likataka maagizo fulani ndani ya prosesa ambayo zile za zamani sana hazina, hizo zikashindwa kuwaka kabisa. Yako ya kizazi cha 6 iko nayo, hapo uko salama.

Kwa hivyo usiifute, umeshanunua, itumie usome. Lakini assignment na project zako zisikae humo peke yake, na kila mwanzo wa semista angalia kama apdeti bado zinaingia.

Kitu cha kuangalia leo: fungua Settings, System, Activation. Ikisema imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali, sawa. Ikisema imeamilishwa na huduma ya shirika lako, na wewe huna shirika lolote, kuna uwezekano mkubwa mtu aliikrak, na hizo programu za kukrak ndizo mara nyingi zinaingiza virusi hata kabla hujatoka dukani. Hapo rudi kwa muuzaji na risiti, ongea naye kwa upole lakini usitoke bila kusikizwa, uliambiwa original na ukalipa bei ya original.

Na wengine mnaosoma hii mkiwa mnapanga kwenda Luthuli au Moi Avenue: kabla ya kutoa pesa omba laptopu iwashwe, soma ile namba baada ya kistari kwa macho yako. Kwa EliteBook 840, kawaida G3 ni ya 6, G4 ni ya 7, G5 ni ya 8, hiyo G5 ndiyo ya kuanzia. ThinkPad T480 nyingi pia ni za 8. Usikubali kuambiwa "ni i7, iko juu ya i5". i7 ya kizazi cha 6 bado ni ya kizazi cha 6.

*

Fundi wetu, mimi ni mwalimu. Shule imetubadilishia laptopu zote kwenda Windows 11 na kusema kweli naichukia. Kitufe cha Start kimeenda katikati, nikibofya kulia sioni "Copy" wala "Rename", kila kitu kimefichwa. Naweza kurudi 10?
— Mwalimu, Umoja

Mwalimu, nakuelewa kabisa, vidole vina kumbukumbu yake na mtu akikuhamishia vitu bila kukuuliza ni kama umerudi nyumbani umekuta jikoni imepangwa upya. Lakini usirudi. Mashine inakubali 11, viraka viko huku, na hayo yote yanarekebishika kwa dakika tano.

Start: bofya kulia pale chini kwenye upau, chagua Taskbar settings, shuka hadi Taskbar behaviors, pale kwa alignment weka Left. Imerudi kona yake. Ile menyu ya kubofya kulia, angalia juu yake au chini yake kuna picha ndogo ndogo: mkasi ni kukata, karatasi mbili ni kunakili, ile yenye herufi A ni kubadilisha jina. Ukitaka menyu yote ya zamani bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, ama uguse "Show more options".

Hii si mara ya kwanza. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 waliondoa kitufe cha Start kabisa, watu wakalia dunia nzima, mwaka uliofuata kwa 8.1 wakakirudisha, na menyu yenyewe ikarudi na 10. Kwa hivyo malalamiko yako yana maana, yaandike kwa ile Feedback Hub iliyo ndani ya mashine. Lakini usikae bila viraka kwa sababu ya kitufe.

*

Bwana fundi. Nimestaafu, niko Kasarani, laptopu yangu ni ya miaka tisa na mtoto wangu aliniambia haiwezi kwenda 11. Nafanya WhatsApp ya kwenye skrini kubwa, nasoma magazeti, naandika mambo ya chama, na picha zote za familia ziko humo. Sitaki kununua nyingine saa hii. Nifanye nini?
— Mzee wa chama, Kasarani

Mzee wangu, heshima yako. Wewe ndiye nimefurahi zaidi kukujibu kwa sababu kuna mlango umeachwa wazi na watu wengi hawaujui.

Microsoft wameweka mpango wa mwaka mmoja zaidi kwa mashine za nyumbani, viraka vya usalama peke yake, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kuna njia tatu za kuingia: kulipa dola 30 mara moja, karibu elfu nne, ama kutumia pointi 1,000 za zile zawadi zao, ama bure ukikubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwa akaunti ya Microsoft. Chukua ya bure. Mashine iwe na Windows 10 toleo la 22H2, uingie na hiyo akaunti, halafu fungua Settings, Update & Security, Windows Update, na pale utaona maneno ya kujiandikisha. Akaunti moja inafunika hadi mashine 10, kwa hivyo na ya mama nyumbani iweke. Nafasi wanayotoa bure ni GB 5 tu, na picha za familia zitaijaza mara moja uanze kuambiwa ununue. Usinunue: zima kuhifadhi kwa mafolda, acha mipangilio peke yake, bado inakubalika.

Chrome na Edge bado zinaendelea kwa Windows 10, na kinga ya virusi ya Microsoft inapata taarifa mpya hadi Oktoba 2028. Ukiziweka zote pamoja na huo mpango, uko na muda wa kutosha kupanga bila presha ya mtu.

Sasa hizo picha. Mwaka 2022 nilikuwa namhamishia jirani yangu deskitopu yake kutoka 7 kwenda 10, Jumamosi jioni, nikamwambia tu mzee hakuna shida, faili zinabaki. Sikuchukua bakapu. Hakukuwa na UPS. Imefika asilimia 61, nakumbuka hiyo namba kwa sababu nilikuwa naiangalia nikinywa chai, stima ikapotea mtaa mzima. Ziliporudi mashine haikupanda, hadiski ilikuwa ile ya zamani ya kuzunguka, ikawa inalia tik, tik, tik, halafu inanyamaza. Humo ndani kulikuwa na picha za harusi ya binti yake, na mpigapicha alishafuta zake. Yule mzee hakunikasirikia hata kidogo, alikaa tu kwa kiti akaiangalia skrini nyeusi, na mpaka leo tukisalimiana kwa geti namkumbuka alivyokaa. Tangu hiyo siku sigusi mashine ya mtu kabla ya kuona faili zake mahali pengine pawili.

Kwa hivyo leo hii, kabla ya kujiandikisha kokote, nunua hadiski ya nje ama hata flashi kubwa, nakili picha zote, halafu ichomeke kwa mashine nyingine ufungue picha tatu nne uhakikishe zinafunguka. Nakala nyingine mpe huyo mtoto wako akae nayo kwake. Hiyo ifanye hata kama kila kitu kingine kwa jibu hili utakiacha.

*

Fundi msaada haraka. Nilihamia 11 wiki iliyopita, jana nimezima nikawasha imeleta skrini ya bluu inataka namba ndefu ya BitLocker, mimi sijawahi kuweka hiyo kitu. Nimepoteza kazi?
— Dada wa Kawangware

Dada, tulia, usiifute na usimpe mtu wa kuifomati! Hiyo namba ni tarakimu 48 na kuna uwezekano mkubwa iko kwa akaunti yako ya Microsoft. Mashine nyingi za siku hizi zikiunganishwa na akaunti zinajifungia data zenyewe, na ufunguo unatumwa kule bila wewe kujua. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey na ile imeli uliyotumia wakati wa kuweka. Kwa skrini ya bluu kuna kitambulisho cha ufunguo, herufi na namba, linganisha herufi nane za kwanza na zile unaona kwa simu, halafu andika tarakimu zote. Kama imeli yako ni nyingi jaribu kila moja, hata ile ya shule. Ikifunguka, iandike hiyo namba kwa daftari, uiweke pale unaweka title deed na vyeti vya watoto.

Na kama kitu kingine kimeharibika tangu uhame, printa ama sauti, hujachelewa: ndani ya siku 10 unaweza kurudi Windows 10 kwa Settings, System, Recovery, pale pameandikwa Go back. Siku ya 11 mashine inafuta ile ya zamani. Umesema wiki iliyopita, kwa hivyo hesabu siku zako leo jioni.